Kiti Kisisogezwe

Nilitumwa Tokamachi na tajiri wa Kobe,
Bwana Enjoji, mwenye nafasi moja tu
iliyobaki katika gereji yake yenye kiyoyozi.
"Magari mawili, nichagulie moja," aliniambia.
"Sitaki hadithi. Nataka alama, juu ya mia."

Theluji ilifika madirishani. Barabara za huko
hunyunyiziwa maji ya kisima ili theluji iyeyuke,
na chuma kilichomo majini huipaka lami
rangi ya kutu. Nikasema moyoni: hapa
gari la miaka ishirini na saba litakuwa chujio.

Bi Mitsuyo Niwano akafungua banda la mpunga.
Kizuri chajiuza, husema wenye maduka;
humo vizuri viwili vilikaa kimya,
pua zimeelekea mlangoni.

Kushoto Impreza, bluu, magurudumu ya dhahabu.
Kulia Lancer, nyeupe, bawa mgongoni,
matundu ya boneti wazi kama pua za fahali.
Yote mawili ya mwaka wa tisini na nane,
yote milango minne: gari la kupeleka watoto shule
lililopewa moyo wa kichaa.

Nikalala chali juu ya gunia, tochi mdomoni.
Matumbo yao yalikuwa safi. Mtu fulani
aliyapaka mafuta kila vuli, kwa brashi, kwa mkono.
Rangi ya kiwandani. Namba za chasisi zimeoana na vitabu.
Funguo mbilimbili. Nikaandika.

Kisha nikaomba sauti.
Injini ya Impreza imelala; pistoni zake
hupigana ngumi ubavu kwa ubavu,
na mngurumo hutoka ukichechemea,
du-dudu, du-dudu, kama mtu
anayeshuka ngazi huku akicheka.
Ya Lancer imesimama wima, chuma kizito cha kusubu,
haichekeshi mtu. Inavuta pumzi,
tabo inapiga mluzi mwembamba, halafu
kona inaisha hujamaliza kuiogopa.

"Ipi ya marehemu?" nikauliza.
Nilishajijibu mwenyewe: nyeupe, kali, ya mwanamume.
Akanimiminia chai.

Nikaingia ndani ya Lancer, magoti yakagonga usukani.
Kiti kilikuwa mbele kabisa,
mto mdogo wa maua mahali pa kiuno.
"Kona ya kumi na moja, mlima ule,"
akaonyesha kwa kidevu, "nilimpita kwa ndani.
Alinuna wiki mbili. Ya tatu akaleta posa."

Kiti cha Impreza kilikuwa nyuma, nyuma sana,
kimebonyea kidogo upande wa kulia.
Mwaka wa nne huu Kazunari ni majivu,
na betri haijafa?
Akatwaa ufagio ukutani, akafungua mlango wa gari,
akasimama nje, baridi ile. Mpini ukakanyaga klachi,
mkono wa pili ukazungusha ufunguo.
Du-dudu.
"Kila Jumapili, dakika kumi na tano.
Nikikaa sifikii pedali
mpaka nikisogeze."

Fomu ya Bwana Enjoji ina safu ishirini na mbili.
Hamna ya ufagio.
Niliijaza hata hivyo: Lancer themanini na nane;
Impreza tisini na nne, ndiyo itakayopanda bei.
Nikaisoma tena. Nikaikata kwa mstari.
Nikaandika: haiuzwi.

"Nani kasema?" Alikuwa anachungulia begani mwangu.
"Mwambie aje magoti yangu yakichoka kusimama."
Akanipa funguo za nyeupe, zote mbili.
Mto akausahau ndani, au alijifanya kuusahau.

Nikaendesha kwenye lami nyekundu hadi Nagaoka,
usukani umenibana mapaja,
kila gia ikinigonga goti.
Kwenye kibanda cha ushuru wa barabara kuu
kijana alinirudishia chenji, akainama kunitazama.
"Mzee, hicho kiti kinasogea, unajua?"
Nikamwambia najua.